Kura ya Mbunge Wetu Imeandikwa Wapi?

Liko swali ambalo hatujapata kulisikia likiulizwa katika mkutano wa hadhara hapa Mkunya, wala Newala mjini, wala Masasi. Mbunge anapokuja, huulizwa habari za maji, barabara, zahanati isiyo na dawa na malipo ya korosho yaliyochelewa. Naye hujibu, huahidi, hupigiwa makofi, kisha gari lake huondoka. Hakuna anayenyanyua mkono akasema: Mheshimiwa, siku ile Spika alipowahoji, wewe ulisema ndiyo au ulisema siyo?

Ndugu wasomaji, huenda wako watakaoona kuwa swali hili ni dogo. Maji yana haja kubwa zaidi, hasa juu ya uwanda huu ambako mama zetu wamehangaika nayo tangu zama za mkoloni. Lakini tujiulize: mbunge ana uwezo gani wa kuleta maji? Hana mamlaka ya kuajiri mhandisi, hana hazina, hasaini mkataba wa mkandarasi. Kazi aliyopewa na Katiba ni kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kuisimamia Serikali. Silaha zake ni swali, hoja na kura. Tangu ulipoanzishwa kwa sheria ya 2009 mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, wabunge wetu wamezoea kupigwa picha wakikabidhi mabati na saruji, nasi tumezoea kuwapima kwa idadi ya mabati hayo. Matokeo yake ni kwamba tunamdai mbunge kazi ya diwani na ya mkurugenzi wa halmashauri, huku ile kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kutufanyia tukiiacha bila kuhesabiwa.

Na kwamba kura hiyo ina uzito, sisi watu wa korosho tuliufahamu mwaka 2018.

Tukumbushane mambo yalivyokuwa. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009, baada ya marekebisho yaliyofuata, iliweka ushuru kwa kila korosho ghafi inayosafirishwa nje ya nchi: asilimia 15 ya bei ya kusafirishia, au dola 160 za Kimarekani kwa tani, kwa kutazama kipi kikubwa. Makusudio yalikuwa mawili, kuwavuta wafanyabiashara wabangue korosho hapahapa nchini, na kupata fedha za kuliendeleza zao. Ndipo sheria ikagawa: asilimia 35 iende katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na asilimia 65 irudi katika korosho, yaani katika pembejeo, utafiti, miche na ubanguaji. Kwa mfano, tani moja ikiuzwa nje kwa dola 1,600, ushuru wake ni dola 240. Katika hizo, dola 84 ni za Hazina na dola 156 ni za zao lenyewe. Mfuko ulioanzishwa kushughulikia fedha hizo uliitwa Mfuko wa Wakfu wa Kuendeleza Zao la Korosho.

Tusimame kidogo hapo penye neno wakfu. Waliolichagua yumkini hawakuwa na mawazo ya msikitini, walitafuta tu neno la Kiswahili la kutaja mali iliyowekwa chini ya uangalizi kwa manufaa ya wengine. Lakini kila aliyekaa mbele ya mwalimu wa madrasa anajua maana yake. Shamba likishawekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, msimamizi halitumii kuchimbia kisima cha nyumbani kwake, hata kama kisima hicho ni kizuri na majirani nao wanachota. Ubaya wa tendo hilo ni kugeuza makusudio, ndiyo maana anayeligeuza huulizwa hata kama hakuiba chochote.

Sasa, katika mkutano wa bajeti wa 2018 Serikali ilipeleka Bungeni Muswada wa Sheria ya Fedha uliokusudia kuufuta mgawanyo huo, ili ushuru wote, asilimia mia moja, uingie Mfuko Mkuu. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba mapato yote ya nchi yakusanywe mahali pamoja, kisha kila sekta ipewe kwa bajeti. Si hoja ya kipuuzi. Ziko nchi nyingi zinazofanya hivyo, na mifuko midogomidogo imepata kuwa mapango ya walaji. Lakini wabunge wa mikoa ya Kusini walikuwa na jibu lenye nguvu zaidi: kabla hata ya sheria kubadilishwa, sehemu kubwa ya fedha zilizopaswa kurudi kwenye zao ilikuwa haijarudi, nao walitaja deni la zaidi ya shilingi bilioni 200. Mtu ambaye hajakulipa cha jana anakuomba umwachie na cha kesho, na dhamana anayokupa ni ahadi!

Mjadala ule ulikuwa mkali. Nape Nnauye wa Mtama alisimama, Katani Ahmadi Katani wa Tandahimba, aliyekuwa CUF wakati huo, alisimama, na Cecil Mwambe wa Ndanda, wakati huo CHADEMA, naye pia. Hawa Ghasia, Mbunge wa Mtwara Vijijini kwa tiketi ya CCM, ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, na mwaka huohuo aliachia uenyekiti huo pamoja na makamu wake, Jitu Soni. Kwa mara chache katika siasa za nchi hii, chama tawala na upinzani wa ukanda mmoja walikuwa upande mmoja. Hata hivyo muswada ulipita. Hayati Rais Magufuli mwenyewe aliutetea uamuzi huo hadharani kwa maneno makali.

Muswada huo ulipitaje? Hapa ndipo penye nia yetu.

Bunge letu lina njia mbalimbali za kuamua. Bajeti yenyewe, yaani makadirio ya mapato na matumizi kwa ujumla wake, huamuliwa kwa kura ya wazi: katibu anaita jina la mbunge mmoja mmoja, naye anajibu. Majina hayo huandikwa katika Taarifa Rasmi, ambayo wengi huiita Hansard. Lakini miswada ya kawaida, na Muswada wa Fedha ukiwamo, kwa desturi huamuliwa kwa sauti. Spika au mwenyekiti anahoji, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema siyo, naye anatangaza upande ulioshinda kwa jinsi masikio yake yalivyosikia. Wabunge wanaweza kudai kura zihesabiwe, lakini kudai huko ni nadra.

Basi tazama jinsi mambo yalivyogeuka juu chini. Katika ile kura ya bajeti nzima, ambamo mbunge ameshikwa shingo, jina lake linaandikwa. Tunasema ameshikwa shingo kwa sababu Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Mbunge gani yuko tayari kurudi jimboni kuomba kura upya kwa ajili ya kifungu kimoja? Kwa hiyo ndiyo yake katika kura ile haituambii mengi. Ama katika kura ya kifungu, pale ambapo asilimia 65 ya mkulima inafutwa kwa mstari mmoja wa sheria, pale sauti yake inayeyuka katika sauti za mamia ya wenzake. Mkulima wa Mkunya akitaka kujua leo ni nani kati ya wabunge wa mikoa ya Lindi na Mtwara alisema siyo hadi dakika ya mwisho, na ni nani aliyechangia kwa ukali asubuhi kisha jioni akanyamaza, Hansard itampa hotuba, lakini kura haitampa.

Na hotuba si kura. Tumewaona wengi wanaopiga meza wakailaumu Serikali kwa dakika kumi, kisha wanamalizia kwa maneno yale tuliyoyazoea, kwamba pamoja na hayo naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Sijui ni sarufi gani inayoruhusu sentensi hiyo, angesema mwalimu wetu mmoja wa Kiswahili.

Kwa upande wa Newala yenyewe suala lina uzito wa ziada. Mbunge wa Newala Mjini wakati huo, Kapteni mstaafu George Mkuchika, alikuwa pia waziri, akiongoza Utumishi na Utawala Bora katika Ofisi ya Rais tangu Oktoba 2017. Katiba yetu inawafanya mawaziri wawajibike kwa pamoja, maana yake uamuzi ukishakuwa wa Serikali, waziri hasimami Bungeni kuupinga isipokuwa ameachia kiti. Hatusemi haya kumlaumu mzee huyo, ambaye aliitumikia Newala kuanzia 2005 na ana mema yake yanayotajwa. Tunachosema ni kwamba jimbo lililo katika kitovu cha korosho, siku ambayo korosho inaamuliwa, lilikuwa na mwakilishi ambaye utaratibu wenyewe umemziba mdomo. Tunapofurahi na kupiga ngoma kwa kuwa mbunge wetu kateuliwa waziri, tuijue pia gharama yake. Katika fiqhi ya uwakala, wakili akipokea uwakala wa mtu mwingine mwenye maslahi tofauti katika jambo lilelile, mwenye mali ana haki ya kuarifiwa. Sisi hatukuarifiwa, wala hatukuuliza.

Kilichofuata kinajulikana na kila kaya. Sheria za fedha huanza kutumika Julai mosi, na huo ndio wakati mikorosho inapokaribia kutoa maua na mkulima anahangaikia salfa ya kuzuia ubwiri unga. Msimu wa 2018/2019 ulikuja na misukosuko yake: bei za minada zilizokataliwa na wakulima huku Tandahimba na Newala, mawaziri wawili wa kilimo na biashara kuondolewa Novemba 2018, jeshi kupewa kazi ya kubeba korosho, Serikali kutangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ambayo kwa wengi yalikawia mno. Hatudai kwamba yote hayo yalizaliwa na kifungu kile cha ushuru. Soko la dunia lina mambo yake. Miaka ya baadaye Serikali ya Awamu ya Sita ilirudi kutoa salfa na viuatilifu kwa ruzuku, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini ruzuku inategemea utashi wa aliyepo madarakani, ilhali asilimia 65 ilikuwa haki iliyoandikwa, na haki iliyoandikwa iliondoka bila sisi kuwa na orodha ya walioiondoa.

Watu husema kuwa zama zimebadilika, leo mwenye simu yenye intaneti anaweza kulitazama Bunge akiwa chini ya mkorosho wake. Ni kweli, ingawa vifurushi ni ghali na mtandao vijijini unakuja na kuondoka. Hata hivyo tusisahau kuwa Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja shughuli zote za Bunge, kwa sababu ya gharama na kwa kuwa wananchi wanapaswa kuwa kazini saa hizo. Waziri wa habari aliyelitangaza hilo alikuwa Nape Nnauye huyohuyo. Miaka miwili baadaye, akiwa si waziri tena, aliitetea korosho kwa ufasaha mkubwa, na wengi wa watu wake hawakuweza kumwona akiitetea. Hatucheki. Tunaonesha tu kuwa mlango unaowafungia wengine siku moja utakukuta nje.

Tuwatazame majirani. Kenya ina Bunge la nyumba mbili. Seneti yao ya kwanza ilizaliwa na uhuru mwaka 1963, ikafutwa mwishoni mwa 1966, kisha ikarudi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010. Kazi yake kubwa ni kulinda kaunti. Katika miswada inayogusa kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, inayopigwa na seneta aliyechaguliwa au aliyemwachia nafasi hiyo, na kura hizo ni 47 tu. Hakuna sauti ya kujificha ndani yake. Mwaka 2020 Seneti hiyo ilikwama kwa majuma mengi juu ya kanuni ya kugawana mapato ya taifa. Kanuni iliyopendekezwa ilitanguliza wingi wa watu, na kaunti kavu za kaskazini pamoja na za Pwani, nyumbani kwa ndugu zetu wengi, zingepoteza mabilioni. Kikao baada ya kikao hoja ilianguka. Agosti 17 mwaka huo maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, walikamatwa na polisi. Mwezi uliofuata mapatano yalipatikana, Serikali ikaahidi kuongeza fungu la kaunti ili pasiwe na kaunti ya kupunguziwa. Muda wote huo mchuuzi wa Kilifi au mfugaji wa Wajir alijua seneta wake amesimama wapi, kwa kuwa kura ilipigwa kwa jina la kaunti yake.

Sisi hatuna nyumba ya pili. Yako mengi ya kusemwa juu ya faida na gharama ya kuwa nayo, na Kenya wenyewe wapo wanaoiona Seneti kuwa mzigo. Hatuombi Seneti. Tunaomba kile kilichomo ndani yake: jina mbele ya kura.

Wala lisidhaniwe kuwa jambo hilo ni geni kwetu. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilipoamua Katiba Inayopendekezwa, wajumbe waliruhusiwa kuchagua kura ya wazi au ya siri, na theluthi mbili ilitakiwa kila upande, Bara na Zanzibar. Wengi wenu mnakumbuka mzozo uliozuka juu ya kura za wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwamo waliokuwa Makka katika ibada ya Hija. Na mnamkumbuka Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Alichagua kura ya wazi, akasema hapana katika vifungu alivyoona vinaidhuru Zanzibar, na Oktoba hiyohiyo akapoteza cheo chake. Mwaka 2021, baada ya kufariki kwa Maalim Seif Sharif Hamad, akateuliwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini hakuna anayeweza kumsingizia kura ambayo hakuipiga.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito. Wataambiwa wabunge: mkiandika majina, mnawachongea wale wachache wenye ujasiri. Katika nchi ambayo mbunge akifukuzwa uanachama wa chama chake anapoteza na ubunge, kwa mujibu wa Ibara ya 71, sauti ya pamoja ndiyo kichaka pekee cha kujificha mtu mwenye dhamiri. Tumelitafakari hili. Jibu letu ni kwamba kichaka hicho hakimfichi na chama chake. Kiranja wa chama amekaa ukumbini, anawafahamu wabunge wake kwa sura, anajua aliyefumba mdomo. Asiyejua ni mpiga kura peke yake. Utaratibu wa siri unaomficha mtumishi kwa bwana wake halisi huku ukimwacha wazi kwa mwingine haustahili kuitwa ulinzi.

Isitoshe, vyama vyenyewe havikai. Katani wa Tandahimba alitoka CUF, na baada ya uchaguzi wa 2020 akawa mbunge wa CCM. Mwambe wa Ndanda vivyo hivyo kutoka CHADEMA. Ni haki yao. Lakini mwananchi aliyemzoea mbunge wake kwa rangi ya shati atamjuaje shati likibadilika? Atamjua kwa kura zake, kama zimeandikwa.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo jamaa za misikiti yetu, pamoja na majirani zetu wa makanisa na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, wanaweza kuyataka bila kusubiri kanuni za Bunge zirekebishwe. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Kabla haujaanza, mbunge aandikiwe barua ya heshima, isiyo na chama ndani yake, ikimwomba mambo matatu. Katika kila muswada unaogusa korosho, ufuta, mbaazi, maji na ardhi, aseme mapema atasimama upande gani. Muswada ukifika kwenye kuamuliwa, yeye na wenzake wa Kusini wadai kura za kuhesabiwa badala ya sauti. Na akirudi jimboni Julai, alete karatasi moja: maswali aliyouliza na majibu aliyopewa, marekebisho aliyowasilisha, na kura yake katika kila uamuzi.

Karatasi hiyo isihesabiwe kwa wingi wa maneno. Kenya lipo shirika, Mzalendo, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likitoa hesabu za wabunge na maseneta waliozungumza zaidi na wasiozungumza kabisa. Ni kazi ya maana, lakini msemaji mno anaweza kuwa hasemi kitu, na mbunge aliyefungua kinywa mara moja tu, kuleta rekebisho la mstari mmoja, anaweza kuwa ameokoa msimu mzima. Tuwe na watu wanaoweza kusoma. Kila kijiji kina mwalimu mstaafu, kina kijana wa chuo aliyerudi likizo, kina katibu wa chama cha msingi aliyezoea kukagua stakabadhi za ghala hadi kilo ya mwisho. Macho hayohayo yanayokataa kuibiwa kilo mbili kwenye mizani yanaweza kusoma Hansard.

Nakala ya barua ibandikwe kwenye ubao wa tangazo, na nyingine ipelekwe ofisi ya mbunge, ipigwe muhuri wa kupokelewa. Jibu likija lisomwe hadharani kama lilivyo. Lisipokuja, isomwe tarehe ya muhuri.